Sura ya Saba: Kofia ya Akil

Kichochoro cha kwa Bi Nana, kule Kuze, ni chembamba kiasi kwamba wakikutana watu wawili wanene, mmoja hana budi kurudi nyumbani kwake akangoje kesho. Konstebo Ngumbao, mtu wa Kaloleni aliyejengwa kama kabati la vyombo, alikipita ubavu ubavu, akilalamika njia nzima kwamba ukuta umemlia kifungo cha shati.

"Wewe baki hapa mlangoni," Inspekta Mwanarusi alimwambia. "Juu kuna wanawake."

"Hata ungeniruhusu, Afande, ngazi zenyewe hazingeniruhusu."

Mwanarusi alikuwa wa dawati la watoto. Asubuhi ile alikuwa amepigiwa simu na Daktari Winnie wa kliniki moja ya watoto huko Ganjoni. Mama mmoja kijana alimleta mtoto wake wa miezi tisa kuchanjwa surua. Muuguzi alipomvua mtoto shati akaona mabaka ya zambarau mgongoni, ubavuni, na mkononi karibu na bega. Daktari akaitwa, akapiga picha moja, akanyoosha mkono amvue mtoto kofia. Hapo mama akamnyakua mwanawe akatoka mbio, chanjo asipate. Jina lilibaki kwenye kadi: Nabiha, mke wa Sami, nyumbani kwa Bi Nana, Kuze.

"Mkague mwili mzima, Inspekta," daktari alisema. "Anzia kichwani. Masikio usiyaache."

"Masikio?"

"Masikio. Ukija nitakueleza."

Kilichompunguzia Mwanarusi mwendo pale kwenye ngazi si yale mabaka. Ni jina la nyumba. Bi Nana ndiye mwosha wa wanawake. Akifa mwanamke kuanzia Kibokoni hadi Mkanyageni, huitwa Bi Nana aje na kafuri yake, pamba yake na majani yake ya mkunazi. Atakachokiona juu ya ule ubao wa kuoshea hakijapata kutoka kinywani mwake. Watu husema ungemtia Bi Nana katika tanuri la chokaa siku nzima, na angetoka humo hajasema hata kama marehemu alikuwa na chunjua. Siku hizi vidole vyake vimepindwa na baridi yabisi, kwa hiyo wanawake vijana humwagia maji naye akielekeza, lakini hakuna anayeanza kabla hajafika. Mama yake Mwanarusi alikuwa ameoshwa naye, mvua zilizopita.

"Hodi wenyewe! Asalaam aleikum."

"Waaleikum salaam warahmatullah. Ndoo, mwana wa Zena, ndoo ukae. Sabalkheri. Babako hajambo? Mguu haumsumbui?"

"Sabalkheri, Bi Nana. Hajambo, alhamdulillahi. Nimekuja kikazi."

"Kazi itakukuta umeketi. Nabiha! Mgeni huyu, leta kahawa."

Nabiha alitokea na sinia mkono mmoja, mtoto kiunoni. Alikuwa msichana mwembamba wa miaka ishirini na kitu, mumewe Sami, mwana wa Bi Nana, yuko Doha akiendesha winchi. Mtoto, Akil, alikuwa amevaa kofia ya sufu yenye kamba za kufunga kidevuni. Feni ya juu ilizunguka kivivu, jasho likawatoka watu wazima, na kofia ile ikakaa pale kichwani kama blanketi jangwani.

"Mtoto ana mabaka, Bi Nana."

"Ana hijama." Bi Nana alikichukua kikombe kwa viganja viwili, kama mtu anayebeba ndege. "Alikuwa na kifua, akikohoa kucha kutwa. Nikamwita Muhdhar, wamjua, yule wa Kibokoni, akamuumika vikombe, vikamfyonza ngozi. Mvue shati, Nabiha, Inspekta aone."

Nabiha akamvua. Yalikuwa maduara, mazuri kabisa, kana kwamba mtu wa posta alimpiga mtoto mihuri. Mwanarusi mwenyewe alikuwa nayo mgongoni kama hayo, ya wiki iliyopita. Akashusha mabega.

"Na kofia?"

"Kofia ina nini?"

"Nimeagizwa nimtazame kichwani."

Mkono wake ulikuwa umeshanyooka. Bi Nana hakuuzuia. Alisogeza tu sahani ya halua.

"Mtoto wa kifua havuliwi kofia kwenye upepo, mwanangu. Mamako, Mungu amrehemu, nilipokuwa nikimwosha niliamrisha feni izimwe, nikamfunika hata nywele zisipeperuke. Na yeye alikuwa hasikii baridi tena. Sembuse kiumbe hiki, kinachosikia?"

Mkono wa Mwanarusi ukabadili njia ukachukua kikombe. Kahawa ilikuwa na tangawizi. Aliinywa yote, akaomba radhi kwa usumbufu, akaulizia habari za Sami. Muda wote huo Nabiha alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha ndani, macho kwa mgeni. Kikombe kilipogeuzwa kwenye sinia, kumaanisha mgeni ametosheka, alimvika mtoto shati akaingia ndani.

*

Chumba cha Mzee Muhdhar kilinuka mafuta ya habasoda. Ukutani palikuwa na picha ya mwili wa binadamu uliojaa maduara, kama mtu aliyepigwa risasi na jeshi lenye adabu.

"Ulimuumika mjukuu wa Bi Nana?"

"Naam. Hijama kavu, bila wembe. Mtoto mchanga simpigi wembe, nachelea Mungu."

"Kwa kifua?"

"Bi Nana alisema kifua." Alianza kuvipanga vikombe vyake, ingawa vilikuwa vimeshapangwa.

Mwanarusi akamshukuru, akatoka. Nje Ngumbao alikuwa amekula viazi vya karai vya kulisha harusi ndogo.

"Tumemaliza, Afande?"

"Tumemaliza."

"Upesi hivi? Kifungo changu bado kimezuiliwa kule kwa Bi Nana."

*

"Ni hijama, Daktari," Mwanarusi alisema kabla hajaketi. "Nimeiona kwa macho yangu, na aliyeifanya amekiri."

"Najua ni hijama."

Daktari Winnie alikuwa mwanamke mfupi, mtulivu, mwenye saa kubwa ya kiume mkononi. Aliigeuza kompyuta kumwelekea mgeni wake. Ilikuwa imejaa picha: migongo, miguu, mikono midogo. Nyuso zote zilikuwa zimefichwa.

"Hizi tumezikusanya kwa utafiti, wazazi wakiridhia. Tazama huyu. Baka la buluu kiunoni, amezaliwa nalo. Kabla mtu hajatuuliza, babake alilala mahabusu kwa ajili ya baka hilo. Huyu damu yake haigandi, ukimgusa tu anavilia. Huyu hijama. Hawa ndio tuliowakusanya mwanzo, kabla ya wale walioumizwa na watu. Ukimtia mzazi doa lisilo lake, mtoto ndiye anayeumia."

"Ndiyo maana nilisema..."

"Subiri kidogo. Mtoto akianza kutembea hujigonga. Hujigonga wapi?"

"Gotini. Kwenye paji."

"Na muundi. Mbele, penye mfupa. Asiyetembea bado, ni nadra kumkuta amevilia popote. Ubavuni, shingoni, sikioni, nadra zaidi. Hilo halikutoka kichwani mwangu, limetafitiwa na watu wengi, kwa watoto wengi."

"Rangi nayo? Si yaonyesha ni ya siku gani?"

"Zamani tulidhani hivyo. Haikusimama. Rangi siifuati." Akafungua picha ya mwisho, ile aliyoipiga asubuhi. "Wewe ni mtu wa pale, wayajua haya kuliko mimi. Hijama ya kifua huwekwa wapi?"

Mwanarusi alijigusa nyuma, katikati ya mabega. Kisha akatazama picha. Duara moja lilikuwa hapo. Mengine yalikuwa ubavuni, chini ya kwapa. Jingine lilikuwa kwenye nyama ya mkono.

"Hapa mkononi hawaweki," alisema polepole.

"Tazama ukingo wake."

Nje ya duara, upande mmoja tu, kulikuwa na kivuli kidogo chenye ukubwa wa ncha ya kidole. Kilichungulia kama mtu aliyejificha nyuma ya pazia fupi.

"Kikombe kiliwekwa juu ya kitu kilichokuwepo," daktari alisema. "Lakini wakili yeyote atanibishia hapo, na ana haki. Ndiyo nikakwambia masikio. Kikombe hakikai sikioni, hakuna pa kushikia. Sikio likiwa safi, nitampima damu, na ikionyesha haigandi nitapanda ngazi za Bi Nana nimwombe radhi mwenyewe. Likiwa na alama, hiyo haikuwekewa kifuniko. Ulionaje?"

Ukutani palikuwa na mizani yenye picha ya sungura. Mwanarusi alimtazama sana yule sungura.

"Alikuwa na kofia."

"Ulipoivua?"

"Sikuivua."

Angeona afadhali kukemewa. Daktari hakumkemea. Aliifunga kompyuta.

"Bado yuko nyumbani?"

"Yuko."

"Basi tumewahi. Mimi sitaki mtu wa kufungwa leo, Inspekta. Namtaka mtoto, mikononi mwangu, kabla ya magharibi. Aliyemshika mara ya kwanza ameacha alama. Mara ya pili huvunja mfupa, na hizo picha pia ninazo, sikukuonyesha."

Nje, Ngumbao alimtazama usoni, akaacha mzaha aliokuwa ameuandaa.

"Tumemaliza au tumeanza, Afande?"

"Tumeanza."

*

Mzee Muhdhar aliwaona wakirudi, akaketi kabla hawajamwambia kitu.

"Nani aliyechagua mahali pa kuweka vikombe?" Mwanarusi aliuliza.

"Nimekwambia, Bi Nana alisema kifua..."

"Mahali, Mzee Muhdhar. Kifua hakikai mkononi."

Alipangusa magoti yake kwa viganja. "Aliushika mkono wangu. Akauweka hapa, na hapa, na hapa."

"Hapo palikuwa na nini?"

Muhdhar alikivuta kikombe kimoja, akaanza kukifuta.

"Mzee wangu, nimekuuliza."

"Vidole," akasema. "Alama za vidole. Vyembamba."

"Ukaweka vikombe juu yake."

"Alimwosha mke wangu, Inspekta. Wewe hukumwona mke wangu mwisho, ule ugonjwa ulimfanya nini. Bi Nana alitoka mle chumbani akaniambia, mkeo alikuwa nuru tupu. Nami najua haikuwa hivyo. Mtu kama yule akija akasema naomba, utasemaje? Wewe ungesemaje?"

Ngumbao alikohoa akatazama ile picha ya ukutani. Mwanarusi alikuwa na maneno makali tayari mdomoni. Akayameza, akatoka.

*

Alasiri ilikuwa imeshaswaliwa. Baraza za kichochoroni zilijaa watu, na kila salamu ilikuwa na swali ndani yake. Juu, Bi Nana alikuwa ameketi mkekani na jora la bafta nyeupe. Kulikuwa na maiti Kibokoni, naye alikuwa akikata sanda. Au tuseme alikuwa akijaribu. Mkasi ulimponyoka, akauacha, akaishika bafta kwa meno na kuichana.

"Umerudi, mwana wa Zena. Kahawa ingali moto."

"Leo imetosha, Bi Nana." Mwanarusi hakuketi. "Naomba kofia ya mtoto ivuliwe."

"Tulishasema. Upepo."

"Muhdhar ameniambia ulipouweka mkono wake."

Bafta iliacha kulia. Bi Nana aliikunja ile aliyokwisha kuichana, akailaza, akaisawazisha.

"Basi andika," akasema. "Ni mimi. Alinipandisha hasira, nikamfinya. Andika nitie kidole, nikanawe, kuna mtu ananingoja Kibokoni."

"Bi Nana."

"Andika!"

"Alama ni za vidole vyembamba vilivyonyooka. Vilishika vikakaza. Wewe asubuhi kikombe ulikishika kwa viganja, na mkasi huo hapo umekushinda. Mikono yako haimwachi mtu alama. Mwaka mzima haijaweza."

Bi Nana aliitazama mikono yake kana kwamba ndiyo iliyomsaliti.

"Kazi yangu ni kusitiri," alisema. "Nimewasitiri wangapi humu mjini? Mamako nilimsitiri. Uliwahi kusikia neno lake mdomoni mwa mtu?"

"Sijasikia. Nitakushukuru mpaka nife, na nikifa unioshe wewe." Mwanarusi aliuonyesha kwa kidevu mlango wa chumba cha ndani. "Lakini wale unaowaosha hawaumii tena. Huyu ataumia kesho."

Pazia la chumba cha ndani lilisogea. Nabiha alikuwa amesimama pale pale aliposimama asubuhi, mtoto kiunoni.

"Rudi ndani," Bi Nana alimwambia. "Nyamaza, mwanangu."

"Nimenyamaza, mama. Ndiyo maana akaumikwa."

Akaifungua kamba ya kidevuni. Kofia ikatoka. Nywele za Akil zilikuwa zimelowa jasho, zimelala. Ukingo wa juu wa sikio lake la kushoto ulikuwa wa buluu iliyoiva, na nyuma yake, penye nyama laini, palikuwa na doa jeusi kama mbegu ya papai. Mtoto alisikia upepo wa feni kichwani akainua uso kuutafuta, akacheka.

Hakuna mtu aliyecheka naye.

"Siku ile mama alikwenda kuosha Kizingo," Nabiha alisema. Alizungumza na mkeka, si na mtu. "Alilia tangu mama alipotoka. Nikamnyonyesha, akalia. Nikamwogesha, akalia. Sami nikampigia, yuko kazini, akaniambia mnyamazishe. Nilimshika. Nikajua namshika sana, na sikumwacha."

"Na sikio?"

"Na sikio."

"Uliwahi kumwambia mtu kwamba huwezi peke yako?"

"Nimwambie nani? Watu wote watamwambia mama. Nyumba ya Bi Nana haina neno la kutoka nje."

Bi Nana alijifunika uso kwa kanga.

"Kliniki nani aliyekutuma?" Mwanarusi aliuliza. "Wenye kutaka kuficha hawaendi kliniki."

"Hakuna. Chanjo ingeweza kungoja. Nilimpeleka wamwone." Alimhamisha mtoto kiuno kingine. "Daktari alipogusa kofia nikaona mlango uko wazi. Miguu ikakimbia. Njia nzima naiambia irudi, haikurudi. Halafu ukaja wewe. Nikasimama hapa, nikasema, alhamdulillahi, huyu ni polisi, huyu ataivua."

Mwanarusi alitazama kando. Sinia ya asubuhi bado ilikuwa pale kwenye kona, na kikombe chake kilikuwa kimegeuzwa chini vile vile alivyokigeuza.

"Vaa buibui," alisema kwa sauti ndogo. "Twenda kwa daktari sote. Utamshika mwenyewe hadi pale, mimi nitakuwa kando yako. Hakuna pingu. Atamtazama na mifupa, atampima na damu. Wewe pia kuna mtu wa kuzungumza nawe. Yale uliyoniambia mimi utayaandikisha, siwezi kukuahidi hayatafika kortini."

"Watamchukua?"

"Leo atalala kule, chini ya macho ya watu. Kesho sijui. Sitakudanganya, uongo umetosha humu leo, na mwingine ni wangu."

Ngumbao aliitwa kutoka chini kwa simu. Akasema tuktuk iko mwisho wa kichochoro, ameuzima muziki wake. Nabiha alivaa. Bi Nana aliinuka kwa kushika ukuta, akaipangusa ile kofia ya sufu, akamfuata mkaza mwanawe hadi kwenye ngazi.

"Mfunike basi," akanong'ona. Hakuwa akimwambia Nabiha. Alikuwa akimwomba Mwanarusi, kwa macho yale yale yaliyowahi kumwambia kwamba mamake amekwenda akiwa nuru. "Mfunike mpite tu, mkifika tuktuk umvue. Baraza imejaa. Watu wataona."

Mwanarusi aliipokea kofia. Ilikuwa bado na joto la kichwa cha mtoto. Aliikunja akaitia ndani ya mkoba.

"Waone, Bi Nana," alisema. "Mimi nilipewa nafasi nione peke yangu, nikanywa kahawa."

Akatangulia kushuka, ili amshike mkono Nabiha penye ngazi zilizochongoka.